Maji ya Kigoma Hayaumwi, Tafuta Samaki Wanaoyataka

(Haya ni maongezi niliyotoa hapa Mwanga, Kigoma, mbele ya vijana wanaofuga samaki wa mapambo, wenye nyumba za wageni na walimu kadhaa. Watu waliomba niyaweke kwa maandishi, nimeyaandika vilevile nilivyoongea, sehemu chache nimeongeza namba.)

Wazee wangu shikamooni, kina mama habari za asubuhi, vijana mambo vipi. Nawashukuru mlioandaa na nawashukuru nyie mlioacha biashara zenu Jumamosi mkaja kusikiliza habari za samaki ambao hawaendi kwenye sufuria. Naingia moja kwa moja maana kuna swali naulizwa kila nikipita, mtu kanunua samaki wazuri Dar, wana rangi za kuvutia, kalipa nauli ya basi, wamefika hapa wakiwa hai, siku ya tatu ya nne wanaanza kuelea mmoja mmoja, alafu mwenyewe anakata kauli kwamba maji ya Kigoma mabaya, yana chumvi, yana dawa, hayafai kufugia.

Mimi nasema hivi, na ndiyo sababu nimekubali kusimama mbele yenu, maji yetu ni mazima kabisa. Ni magumu na yana alkali nyingi, basi, na wapo samaki chungu nzima ambao hayo ndiyo maji wanayoyataka, na wengi wao wala sio wa kuagiza kutoka mbali, wapo hapo chini Kibirizi, Katonga, Bangwe, wanakula utando wa kijani kwenye mawe wakati sisi tunasubiri kifurushi kutoka Kariakoo. Anayetaka akwariamu, yaani tangi la kioo la samaki, kwenye mji huu anatakiwa aanze na maji yanayotoka bombani kwake ndio aende kwa samaki. Wengi tunafanya kinyume, tunaanza na picha ya samaki kwenye simu, tukishalipa ndio tunarudi kuhangaika na maji.

Haya, sasa maji yenyewe yakoje. Mjini hapa bomba linavuta ziwani, kwahiyo ukiyajua maji ya Ziwa Tanganyika umeyajua na ya kwako, toa tu klorini ambayo ntaifikia. pH ya ziwa kwa huku juu inacheza kwenye 8.6 mpaka 9.2 hivi. Saba ndiyo katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni alkali. Na kila namba moja kwenye pH ni mara kumi, sio hatua moja, kwahiyo samaki anayetoka kwenye maji ya 7 ukamtia kwenye 9 umembadilishia dunia mara mia, muuzaji akikwambia "ah tofauti ni mbili tu bro" mkumbushe hilo.

Ugumu ni kitu kingine, hapa wengi wanachanganya. Ugumu ni madini, kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka kwenye maji, ndiyo yanayoacha ukoko mweupe chini ya birika na kufanya sabuni igome kutoa povu. Unapimwa kwa digrii, digrii moja ni karibu miligramu 18 kwa lita, ziwa letu lina digrii kama 10 mpaka 12. Kwenye boksi la vipimo utaona wameandika GH. Alafu pembeni kuna kingine wameandika KH, hicho kinapima baikaboneti, yaani ule uwezo wa maji kumeza asidi bila pH kushuka, na KH ya ziwa letu ipo kwenye 16 mpaka 18. Maji mengi duniani GH ndiyo inakuwa kubwa kuliko KH, ya kwetu ni kinyume, kwa sababu baikaboneti yetu haikushikana na kalsiamu na magnesiamu peke yake, kuna sodiamu na potasiamu pia ambazo kipimo cha ugumu hakizihesabu, na hata kwenye ugumu wenyewe magnesiamu ndiyo imezidi kalsiamu.

Mnaweza kujiuliza yametoka wapi yote haya. Mto Ruzizi unashusha maji kutoka Ziwa Kivu, kule ni nchi ya volkano na maji yake yamejaa madini. Yakishafika hapa njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga upande wa Congo, na hautoi maji mengi, sehemu kubwa ya maji ya ziwa inaondoka kwa jua, yanakuwa mvuke. Mvuke ukienda juu madini hayapandi nao, yanabaki. Sasa chukua ziwa lenye umri wa miaka milioni 9 mpaka 12 likifanya kazi hiyo, humo ndani samaki wanazaana na kubadilika, ndiyo unapata sikilidi aina karibu 250 ambao karibu wote hawapo sehemu nyingine yoyote. Sikilidi ni ukoo huohuo wa sato na ngege na kuhe, na kuhe wetu ni mmoja wa sikilidi wakubwa kabisa duniani, anafika sentimita 80, ila huyo muacheni sokoni hamna tangi la sebuleni linalomtosha.

Wa visima naomba mnisikilize, namba hizi sio zenu. Kisima kinaweza kuwa laini kuliko ziwa au kigumu mara mbili, inategemea mwamba wa pale chini, kwahiyo pima. Na mkinunua kipimo cha pH cha matone angalieni sana kwenye boksi, vile vya kawaida vinaishia 7.6, rangi ikishakuwa bluu kabisa haina pa kwenda tena, mtu anaona bluu anaandika 7.6 anafurahi kumbe maji yake ni 9. Ombeni kile cha pH ya juu, na hata hicho vingi vinaishia 8.8.

Sasa tuje kwenye vita. Kuna kijana alikuwa anamwaga siniki kwenye tangi kila asubuhi, siniki kwa maana ya siki ile ya kachumbari, ana samaki wa neon, kasoma kwamba neon wanataka maji ya asidi kidogo. Anapima, pH imeshuka, anafurahi, jioni imerudi palepale, kesho anaongeza. Hiyo ndiyo kazi ya KH. Baikaboneti inaikamata asidi unayomwaga, inageuka kuwa gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi inatoka, pH inarudi juu. Ukitaka ishuke na ibaki chini inabidi uue KH yote, na ikiisha pH inaporomoka ghafla bila kuaga. Mwingine anatumia ndimu, mwingine majani makavu ya mkungu, na majani ya mkungu kweli yanasaidia kwenye maji laini, ila kwa KH ya 17 utajaza mfuko wa majani, maji yatakuwa na rangi ya chai na pH iko palepale. Samaki wanaweza kuvumilia pH ambayo sio ya kwao kama imetulia. Kinachowamaliza haraka ni ile kupanda na kushuka kila siku, na hicho ndicho unachowafanyia kwa chupa ya siki.

Neon na kadinali na diskasi ni wa Amazon. Kadinali anatoka Rio Negro, maji meusi ya msituni, pH inaweza kuwa 5 au chini, madini karibu hamna. Mwili wa samaki wa kule umetengenezwa kung'ang'ania chumvi kidogo iliyopo, na mayai yao kwenye maji magumu hayatotoi vizuri. Najua mtaniambia siku hizi wanazalishwa mashambani, ni kweli, manfish wa shambani (yule bapa mwenye mapezi marefu, naye wa Amazon) anaishi vizuri tu kwenye pH 8 ya watu wa miji mingine na ugumu wa wastani. Ila 9 ya kwetu ni mbali. Unaweza kununua mashine ya kuchuja madini yote, zipo, ni ghali na zinamwaga maji mengi kuliko yale zinayokupa, na kwenye mji ambao kuna mitaa bomba linatoka kwa zamu, mimi siwezi kumshauri mtu afanye hivyo kwa ajili ya samaki kumi wa neon.

Kuna jambo ambalo ningepewa dakika tano tu leo ningesema hili peke yake, nalo ni amonia.

Samaki anatoa amonia, kwenye matamvua na kwenye choo chake, na chakula kilichooza chini nacho kinatoa. Ndani ya maji amonia inakaa kwa sura mbili, moja haina madhara makubwa na nyingine ni sumu inayochoma matamvua, na anayeamua iwe sura ipi ni pH. Kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye 9, na joto letu hili la digrii 25, ni zaidi ya theluthi moja ya amonia yote. Tangi lilelile, samaki walewale, uchafu uleule, Dar kwa mwenye maji ya 7 hamna kilichotokea, hapa samaki wanahema juujuu matamvua mekundu. Ndiyo maana mtu kafuata maelekezo yote ya muuzaji wa mbali na bado kafiwa.

Kwahiyo sisi huku hatuna ruhusa ya kuharakisha. Tangi jipya lina wiki nne mpaka sita za kukomaa kabla ya kubeba samaki wengi, kwa sababu bakteria wanaokula amonia wanaigeuza naitraiti, ambayo bado ni sumu, alafu wengine wanaigeuza naitreti, ambayo sio kali, wanachukua muda kuota kwenye filta na kwenye mchanga. Mwenye rafiki ana tangi la zamani lenye afya aombe kipande cha sponji chafu cha filta yake, usikioshe, kiweke kwenye yako, umeokoa wiki kadhaa. Filta usioshe na maji ya bomba yenye klorini, chota maji ya tangi kwenye ndoo ukamulie humo. Chakula kidogo, kinachoisha dakika mbili. Maji badilisha kidogo kidogo kila wiki, asilimia 10 mpaka 20, maana hawa wa kwetu hawapendi kubadilishiwa nusu ya tangi kwa mkupuo. Yale mapya yakae kwenye ndoo wazi usiku kucha, ukiwa na pampu ya hewa iweke humo, klorini inaruka, au tumia matone ya kuondoa klorini.

Na umeme. Umeme ukikatika filta inasimama, wale bakteria wanahitaji oksijeni, wakikosa kwa masaa mengi wanakufa, umeme ukirudi filta inakumwagia uoza wote ndani. Nunueni vipampu vya hewa vya betri, bei yake sio kubwa. Kama umeme umekatika muda mrefu safisha filta kabla hujaiwasha, na siku hiyo usilishe.

Amonia hiyohiyo ndiyo inawaua wa kwenye basi. Samaki kafungwa kwenye mfuko zaidi ya siku nzima, anapumua, kaboni dayoksaidi inajaa, pH ya mfuko inashuka, na amonia aliyoitoa inakaa kwenye ile sura ya kwanza haimsumbui. Unafika nyumbani, unafungua mfuko, unaanza kumwagia maji ya tangi kidogo kidogo saa nzima kama ulivyoelekezwa, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia yote ya safari inageuka sumu akiwa bado yumo humo. Kwa samaki wa safari ndefu uache mfuko umefungwa uelee mpaka joto lilingane, kisha fungua, mtoe na wavu haraka muweke kwenye tangi, maji ya mfuko mwaga nje. Hiyo inafaa kwa samaki ambaye muuzaji alishamzoesha maji magumu, kwahiyo hilo ulizeni kabla ya kulipa, akishindwa kujibu pH ya matangi yake achana naye.

Tufike kwa samaki wenyewe, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mtu anayeanza, ana tangi la lita 60, hela sio nyingi, mimi namwambia afuge wa kwenye makombe. Wapo sikilidi wadogo humu ziwani wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, konokono mwenyewe anaitwa Neothauma, makombe yake yamelala chini ya ziwa maeneo mengine mpaka yamekuwa sakafu. Lamprologus ocellatus ana sentimita 5 hivi, jike mdogo zaidi. Weka mchanga mzito sentimita tano sita, weka makombe mengi kuliko samaki, alafu kaa kwenye kiti uangalie. Anachimba, analifukia kombe kwenye mchanga mpaka ubaki mdomo tu, analigeuza upande anaotaka, ukiingiza mkono kumsafishia anakuja kukugonga, samaki wa sentimita tano anapigana na mkono wa mtu mzima kwa ajili ya nyumba yake. Jike anataga ndani, siku moja unaona vitoto kama nukta mbele ya mlango. Yupo na ndugu yake Lamprologus callipterus, huyo dume anakusanya makombe kwa mdomo, ananyang'anya hata ya jirani yenye wenyewe ndani, na dume anaweza kumzidi jike uzito mara kumi na zaidi, kwa sababu jike lazima aingie kwenye kombe na dume lazima aweze kulibeba. Hamna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume kamzidi jike kiasi hicho. Yupo humu ziwani kwetu. Ngapi kati yetu tulifundishwa hilo shule?

Makombe msiende kuzoa ziwani kwa viroba, yale ni nyumba za watu. Machache yaliyotupwa ufukweni yanatosha, na konokono wa shambani aliyekufa kombe lake linafaa pia, lichemshe kwanza.

Wa pili ni Neolamprologus brichardi, mwembamba, rangi ya maziwa ya chai, mkia umechanuka ncha mbili ndefu. Jina kapewa kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa anasafirisha samaki hawa kutoka Burundi. Kinachonifurahisha kwake ni malezi, watoto wakikua hawaondoki, wanabaki kuwalinda wadogo zao waliozaliwa baadaye, unakuta ukoo mzima wa umri tofauti wanalinda jiwe moja. Tangi liwe lita 100 na kuendelea, mawe yapande mpaka juu, na usichanganye na wengine wapole maana wakishazaa wanamiliki tangi lote. Julidochromis wale wenye mistari wanaishi kwenye nyufa za mawe, jozi moja kwa tangi, mkishapata jozi inayoelewana msihamishe mawe hovyo, ukivuruga nyumba wanaweza kugombana mpaka kuuana.

Kwa mwenye tangi refu na hela, Cyprichromis, hawa wanaogelea juu katikati ya maji kwa kundi, madume wana rangi za bluu na njano, wanajaza sehemu ambayo wa mawe hawaitumii. Na frontosa, Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari meusi. Nendeni maduka ya samaki Ujerumani au Marekani mkaone kwenye kioo wameandika "Kigoma", wanamaanisha frontosa wa kwetu wa mistari saba, watu wanaweka oda na kusubiri. Anaishi kina kirefu, mita 30 na zaidi, mzamiaji akimpandisha haraka kibofu cha hewa kinafutuka anakufa, inabidi apandishwe taratibu sana. Anafika sentimita 30, anahitaji lita 500 kwenda juu. Hoteli zinaweza. Nyumba za kawaida tusimtese.

Tropheus nimemuacha kwa makusudi maana ndiye anayependwa na ndiye anayekufa sana. Tropheus duboisi akiwa mtoto ni mweusi ana madoa meupe mwili mzima, akikua kichwa kinakuwa bluu na mkanda mmoja mpana ubavuni, ukimuona wa kusini huku wenye mkanda wa njano hutasahau. Tropheus anakwangua utando wa kijani kwenye mawe siku nzima, utumbo wake ni mrefu, wa kula majani. Sasa sisi watu wa Kigoma chakula cha karibu ni dagaa, tunasaga dagaa tunampa. Frontosa mpe kidogo, ni mla samaki, wa kwenye makombe pia unga kidogo sawa. Tropheus usimpe. Wala moyo wa ng'ombe, wala minyoo mekundu. Tumbo linavimba, anaacha kula, choo kinatoka cheupe kama uzi, na ukishafika hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Mpe spirulina, yaani chakula cha mwani, mpe mchicha uliochovywa maji moto, weka mawe mengine juani kwenye beseni la maji yaote ukijani umbadilishie. Na wawe wengi, kumi na tano kwenda juu kwenye lita 300, wakiwa watatu wanne mbabe mmoja anawamaliza wengine, wakiwa wengi ubabe unagawanyika.

Alafu Tropheus hawavuki mchanga wala kina kirefu, anayezaliwa kwenye mwamba huu anafia hapahapa, ndiyo maana kila kipande cha pwani kina rangi yake. Usichanganye rangi mbili kwenye tangi moja, watazaa chotara ambao hawana kwao, na ukishindwa kuwafuga usimwage wa kusini hapa Bangwe ukidhani umewarudisha nyumbani.

Samaki wa kigeni wanaofaa wapo pia, sitaki mtu aondoke anadhani nawakataza. Moli ni wa kwanza, anatoka Mexico na Amerika ya Kati, maji magumu ndiyo yake, anavumilia mpaka chumvi. Plati na gapi nao wanapenda madini, chukua waliozaliwa kwenye maji yetu kwa mtu wa hapahapa. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanaweza kuishi ila pH ya kwao iko chini kidogo ya yetu na ni wakorofi, wape tangi lao. Goldfish atakaa, ila anachafua sana na nilishaeleza amonia inafanya nini hapa.

Kuna dada kaniuliza pale mlangoni, ndugu yake yuko Tabora, amuagizie hawahawa? Dada yangu, Tabora siku hizi wanapata maji ya Ziwa Victoria, na yale ni laini, madini machache sana ukilinganisha na haya. Kwa hiyo ndugu yako ana bahati ya upande mwingine, wale manfish na tetra, yaani kina neon na kadinali, wanaotushinda sisi yeye atawaweza kirahisi. Akitaka wa Tanganyika inabidi ajenge maji, aweke changarawe za chokaa au makombe ya pwani yaliyopondwa kwenye filta, aongeze baikaboneti ya kupikia maandazi kwa ajili ya KH, sio magadi ya kutengenezea sabuni, na chumvi ya Epsom kwa ajili ya magnesiamu, apime kila mara, na kila maji mapya ayatengeneze vilevile kwenye ndoo kabla ya kuyatia.

Sisi huku kutengeneza tangi ni rahisi mpaka inaniuma tunavyolikosa. Mawe ya kawaida, mchanga uliooshwa, mawe yakae kwenye kioo kwanza ndio mchanga ufuate maana hawa wanachimba na jiwe likianguka linapasua tangi. Magogo ya mbao hayana kazi. Hita kwa hali ya hewa yetu mara nyingi haihitajiki, cha kuogopa ni tangi kupigwa jua la dirishani, maji yakipita digrii 30 oksijeni inapungua.

Mambo mawili ya mwisho na sitayapamba. La kwanza, kuvua samaki wa mapambo kwa biashara na kuwasafirisha kunataka leseni, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, nendeni ofisi za uvuvi muulize kabla hamjaingia majini, na ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale msiguse kitu. La pili, samaki wa kigeni asimwagwe ziwani, hata mmoja, hata kwenye mtaro, hata kwa kumuonea huruma. Ziwa Victoria waliweka sangara miaka ya 1950 na 1960, na aina mamia za furu, sikilidi wadogo wa kule, hazionekani tena. Ziwa letu bado lina watu wake. Gapi zikikuzidi mpe jirani, samaki akiumwa ukaona haponi mmalize kwa upole umzike bustanini.

Naona nyumba za wageni tatu zimewakilishwa hapa, nawaomba hasa nyie. Mgeni anavuka bahari kuja kuona ziwa hili, anaingia mapokezi anakuta goldfish. Wekeni tangi moja la brichardi au la makombe, andikeni pembeni kwa Kiswahili samaki anaitwaje na anaishi sehemu gani ya pwani, mimi nitakuja kusaidia kulipanga bila malipo. Walimu vilevile, tangi la lita 60 darasani linafundisha kemia na baiolojia kwa pamoja.

Mlioambiwa mje na maji ya nyumbani kwenye chupa piteni meza ile ya kushoto, vipimo vipo vya pH ya juu, GH na KH, na wa visima tunaanza na nyie. Andika jina la mtaa kwenye chupa kabla hujaiweka mezani.